Gemu la Pekee kwenye Jeusi

Mimi ni mtu wa kushuku. Mke wangu husema siku nikipewa zawadi, naigeuza chini juu kwanza nione kama mtoaji hakusahau kubandua bei. Ni kweli, na sioni ubaya wake, maana ndiyo kazi yangu: kusoma kila neno nikiamini kwamba linanidanganya. Nilisahihisha magazeti kwa miaka kumi na tisa, na magazeti yalipoanza kufa moja moja nikachukuliwa na kampuni ya kutoa magemu, nisome maneno yote yanayotokea kwenye skrini kabla mchezaji hajayaona. Vijana wa pale wananiita Mzee Mkato, kwa sababu niliwahi kumrudishia mtu ukurasa mzima kwa ajili ya alama moja ya mkato. Mkato wenyewe haukuwa na kazi yoyote pale, na sijutii.

Ni mtu mmoja tu ofisini aliyeniita vingine, naye ni mdogo wa kike wa mke wangu. Yeye aliniita Shemeji mbele za watu, nami nikamwita Shemeji vilevile, kwa hiyo tukisalimiana asubuhi ungedhani chumba kina mwangwi. Ndiye aliyeniingiza kwenye kampuni ile. Ni mhandisi, na ana ulimi. Siku yangu ya kwanza alinitambulisha kwa wenzake akasema, "Huyu ni shemeji yangu. Msimwandikie barua ya mapenzi, atawarudishia ikiwa na alama."

Sasa nieleze habari ya masanduku, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nilikaa roho juu wiki nzima. Gemu halichezwi hewani. Linachezwa kwenye mashine, na mashine hizo zinatengenezwa na kampuni mbili kubwa zisizopatana. Moja inauza sanduku jeusi, nyingine sanduku jeupe. Sisi tulisema Jeusi na Jeupe basi, kama watu wanaotaja majirani. Gemu lililotengenezwa kwa Jeusi haliingii Jeupe hivi hivi. Lazima mtu akae chini alifumue, alishone upya mstari kwa mstari, maana ndani ya masanduku yale hakuna kinachofanana. Sisi watoaji wa magemu tunataka gemu liuzwe kwenye yote mawili. Wenye masanduku wanataka liuzwe kwao pekee, ili anayelitaka alazimike kununua sanduku lao. Ni kama mwenye duka anayemwambia mwoka mikate: nitakupa rafu ya mbele, ila mkate wako nisiuone kwa jirani.

Kwetu sisi, wa kufumua na kushona alikuwa Shemeji. Aliacha kazi ya benki, kazi ya kiyoyozi na kiti cha kuzunguka, akaja kulihamisha gemu letu kubwa, *Fundi Kufuli*, lipande kwenye Jeupe. Ni gemu la fundi aliyefungiwa ndani ya nyumba yenye vyumba tisini, kila chumba na kufuli lake. Wahandisi wawili kabla yake walisema haiwezekani, Jeupe halina nguvu ya kubeba nyumba kubwa kiasi kile. Yeye alilibeba kwa miaka miwili na miezi minne. Ilibaki miezi mitatu amalize. Mkataba wake ulikuwa hauna kona: Jeupe likitoka, anakuwa mhandisi mkuu na anaajiri watu wake mwenyewe, lisipotoka, kazi imekwisha, kila la heri huko uendako.

Basi ikawa Jumatatu.

Maneno yote ya gemu hukaa kwenye jedwali moja refu, kila sentensi na namba yake. Kwa kuwa vitufe vya pedi, ile ya kushika mkononi, havifanani kwenye masanduku mawili, maagizo yana safu mbili. Safu ya Jeusi inasema "Bonyeza nyota ufungue," ya Jeupe inasema "Bonyeza tatu ufungue." Mimi sipendi kusoma kwenye skrini, kwa hiyo katibu wa Mkurugenzi hunichapia. Jumatatu ile akaniletea bunda, nikafungua, nikakuta safu moja. Nyota, mwezi, nyota, jua. Tatu haipo. Nne haipo. Nikapekua hadi ukurasa wa mwisho nikilamba kidole, na Jeupe lote halipo, limefagiliwa kama uchafu.

Machale yakanicheza. Mtu mwingine angeinua kichwa akamuuliza katibu, ambaye alikuwa bado amesimama pale akitafuta kibanio cha karatasi. Mimi nikamwambia asante. Nikalifungia bunda kwenye droo, nikaanza kuangalia watu.

Na mtu akianza kuangalia, ataona. Jumanne Mkurugenzi alimpita Shemeji kwenye korido akamsalimia mara mbili, jambo ambalo mtu mwenye dhamiri safi halifanyi. Huyu Mkurugenzi wetu jina lake la mitaani ni Subiri Kidogo, maana ndilo jibu lake kwa kila kitu, hata ukimuuliza ni saa ngapi. Jumatano wakaja wageni watatu, wamevaa fulana nyeusi zinazofanana, na sikuhitaji kuambiwa wanatoka kampuni gani. Chumba chetu cha mikutano kina ukuta wa kioo. Kabla hawajaketi, katibu akapita na gundi akibandika karatasi kubwa nyeupe kwenye kioo chote, kuanzia usawa wa magoti hadi juu ya kichwa. Miaka miwili nimekaa pale, kioo kile hakijawahi kufunikwa. Hata siku ya kumfukuza mhasibu tulitazama wote.

Nikawa na kiu ya ajabu. Nilipita mlangoni pale na kikombe cha chai mara nne, kikombe kilekile, chai ileile. Mara ya tatu nilisikia sauti ya mgeni ikisema "pekee," halafu Mkurugenzi akacheka. Nilikisikia kicheko kile vizuri sana. Kwangu mimi kilikuwa kicheko cha mtu aliyekwisha kukubali.

Nikaenda moja kwa moja chumbani kwa Shemeji. Ni chumba kidogo mwisho wa korido, meza mbili, na juu yake masanduku meupe manne yaliyofumuliwa, utumbo nje, na feni imeelekezwa kwenye masanduku wala si kwake. Alikuwa amepiga magoti kwenye kiti, anafungua na kufunga mlango ule ule kwenye skrini.

"Shemeji, njoo uone," akasema kabla sijatia neno. "Chumba cha sitini na moja. Mlango huu ulikuwa unaganda sekunde mbili. Tazama sasa. Tazama! Kama siagi."

"Funga mlango," nikamwambia.

"Upi, huu au wa kwenye gemu?"

"Shemeji, sina utani leo."

Nikamweleza. Safu iliyopotea, wageni, karatasi kwenye kioo, neno nililolisikia. Alinisikiliza huku kidole gumba chake kikiendelea kubonyeza, mlango unafunguka, mlango unajifunga.

"Ukiendelea kunusanusa hivyo utapata mafua," akasema. "Mkurugenzi ameniahidi kwa mdomo wake. Jeusi na Jeupe, siku moja, saa moja."

"Mdomo hauwekwi sahihi."

"Wewe ulishuku hata harusi yetu. Ulimuuliza mume wangu cheti cha kuzaliwa."

"Na alikuwa amepunguza miaka miwili."

Akacheka, lakini kidole kiliacha kubonyeza. Nilimwona anatazama masanduku yale manne, moja baada ya jingine. Shemeji ni mtu wa kicheko, na nilipoona kicheko kimetoka usoni mwake kidogo kidogo, niliumia na nilifurahi kwa pamoja. Niliumia kwa ajili yake. Nilifurahi kwa kuwa hatimaye nilikuwa nimeaminiwa.

"Basi ngoja nikamuulize," akasema, akashuka kitini. "Yuko pale pale. Wageni wakitoka namuuliza."

"Usimuulize! Ukimuuliza atajua kwamba unajua."

"Akijua, kuna nini?"

"Ataharakisha. Kaa kimya, fanya kazi yako, niachie mimi. Mimi nitalinasa kwenye maandishi. Watu wakidanganya kwa mdomo wanapona, lakini kwenye maandishi lazima wateleze, na wakiteleza lazima karatasi ipite mezani kwangu."

Alisimama pale, mkono kwenye kitasa. Halafu akarudi kitini. "Haya, Shemeji," akasema. "Wewe ndiye mkubwa."

Alhamisi asubuhi nilimsimulia mke wangu tukinywa chai. Alikuwa anafunga kamba za viatu, ana haraka.

"Umemuuliza mtu yeyote?" akasema.

"Nani humuuliza mwizi kama ameiba?"

"Anayetaka kujua." Akafunga kamba ya pili. "Huyo ni mdogo wangu, baba. Usimtie presha kwa mambo ya kuhisi hisi."

Nikamjibu kwamba siku zote wanaohisi ndio wanaopona. Alichukua mkoba wake akaenda kazini.

Ijumaa saa tatu, karatasi ikapita mezani kwangu kama nilivyotabiri. Aliileta mama anayetuandikia matangazo, mwanamke mpole mwenye miwani ya kamba, anayeomba radhi hata anapokupa kitu. Lilikuwa tangazo la *Fundi Kufuli*, ukurasa mmoja na nusu, la kupelekwa kwa watu wa Jeusi na kwa magazeti saa nne kamili. Akasema samahani kwa kunibana na muda, akaondoka.

Kichwa cha tangazo kilisema: FUNDI KUFULI: GEMU LA PEKEE KWENYE JEUSI.

Nililitafuta neno Jeupe ukurasa mzima. Nikalitafuta tena na rula, nikishuka mstari mmoja mmoja. Halikuwapo. Nikaegemea kiti changu. Nilikuwa nimewakamata.

Hapa lazima nisimame niseme jambo la lugha, maana ndilo jambo lenyewe. Ukimwita mwanamke "wa pekee" unamsifu. Ukisema ndiye mwanamke "pekee" chumbani, unahesabu. Kwa hiyo "gemu la pekee" linaweza kuwa gemu zuri lisilo na mfano, basi, yaani sifa tu. Lakini pia mtoto wa pekee ni mtoto asiye na ndugu, na hapo sifa na hesabu zimelala kitanda kimoja. Nimewafundisha waandishi wachanga tofauti hii miaka nenda rudi. Nimewaambia: mkikutana na "pekee," msipite, mwulizeni mwandishi alikusudia lipi. Niliwaambia hivyo mimi, kwa mdomo huu.

Na mwandishi alikuwa hatua ishirini kutoka mezani kwangu, kupitia korido, mlango wa pili kushoto.

Sikwenda. Niliisoma sentensi ile nikaona inataka kusema kitu na inaona haya kukisema. Niliwaona Subiri Kidogo na wale wa fulana nyeusi wakiificha hesabu yao chini ya sifa, ili Shemeji aipite bila kustuka, aendelee kushona miezi mitatu ya mwisho kwa ajili ya sanduku lisilotoka. Hasira zilinipanda. Nikasema moyoni: kama mnamchinja mdogo wake mke wangu, mchinjeni kwa sarufi safi, kila mtu aone kisu. Nikachukua kalamu nyekundu, nikakata, nikaandika: FUNDI KUFULI: GEMU LA JEUSI PEKEE. Na kwenye aya ya pili, palipoandikwa "litawafikia wachezaji wa Jeusi," nikaongeza neno "pekee" baada ya Jeusi, habari ikubaliane na kichwa. Kazi nadhifu kabisa. Nikaweka sahihi.

Pale ofisini kuna amri ya Mkurugenzi mwenyewe: karatasi ikishapita kwa Mzee Mkato, hairudi kusomwa, inakwenda. Aliitoa mwaka wa kwanza, baada ya mtu kuharibu sentensi niliyokwisha kuisafisha. Nilikuwa najivunia amri ile kuliko mshahara. Katibu akaja saa nne kasoro dakika kumi, akachapa upya kama nilivyoandika, akapiga muhuri, akatuma.

Kabla ya saa saba mchana dunia nzima ilikuwa inajua.

Shemeji aliingia chumbani kwangu na simu mkononi. Hakubisha hodi. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Umeona?" akasema.

"Nilikuambia," nikasema.

Nilisema hivyo. Na Mungu anisamehe, nilisikia utamu kidogo kwenye ulimi wangu nilipokuwa nasema. Yeye aliketi juu ya bunda la karatasi, maana kiti cha pili sina, akaweka simu chini kwenye sakafu, akakaa anaitazama.

"Miaka miwili, Shemeji," akasema. "Juzi tu nimeupata ule mlango wa sitini na moja."

Saa tisa tukaitwa kwenye chumba cha kioo, watu sita. Karatasi zilikuwa bado zimebandikwa. Mkurugenzi aliingia wa mwisho, na nilipomwona nikashuka moyo kidogo, maana hakuwa na sura ya mtu aliyeshinda. Shati limetoka upande mmoja. Aliweka tangazo mezani akaliwekea kiganja juu yake.

"Nani ametuuza?" akasema.

Akatutazama mmoja mmoja.

"Wiki tatu," akasema, "wiki tatu watu wa Jeusi wananisukuma wapewe gemu peke yao, na wiki tatu nakataa. Jumatano wamekuja hapa. Wamesema pekee, nikawacheka mbele ya macho yao. Niliwaambia tuna mhandisi amefanya kitu ambacho hakuna mwingine amekiweza, na sitamtupa. Mwishowe wakakubali. Wao watangaze kwanza, kwa kuwa wanatupa jukwaa kwenye maonyesho yao. Alhamisi ijayo sisi tutangaze Jeupe. Matoleo yote mawili yatoke siku moja." Akanyanyua kiganja. "Leo asubuhi muhuri wetu umewapa bure kile nilichowanyima. Wamejibu kwa dakika saba. Wanasema wamefurahi kwamba tumebadili mawazo."

"Si tuwaambie ni kosa?" Shemeji akasema. Sauti yake ilikuwa imefufuka ghafla, na ile ndiyo iliyonichoma zaidi. "Tuwaambie kosa la uchapaji."

"Nimewapigia mara tano. Wameshalitangaza kwa nchi zote, watu wameshaanza kuagiza. Wanasheria wao wanasema kampuni inayokana muhuri wake siku hiyo hiyo haiaminiki. Tukilikana tangazo, tunaondolewa Jeusi pia. Robo tatu ya wanunuzi wetu wako Jeusi." Akamgeukia mama wa matangazo. "Kikulacho ki nguoni mwako. Wewe ndiye uliyeandika. Walikupa nini?"

Yule mama alivua miwani. Alikuwa tayari analia.

"Mimi sikuandika hivi," akasema. "Samahani, sikuandika hivi. Niliandika la pekee. La pekee! Yaani zuri, halina mfano. Jeupe sikulitaja kwa sababu uliniambia nisilitaje hadi Alhamisi."

Watu walimtazama kama mtu anayetapatapa. La pekee, pekee, nani pale alikuwa na habari ya tofauti hiyo? Chumbani mle alikuwapo mtu mmoja tu aliyeijua, na mtu huyo alikuwa mimi.

Bado nilijaribu kujiokoa. Ndivyo mtu alivyo. "Na jedwali?" nikasema kwa sauti ambayo sikuitambua. "Jumatatu nimeletewa jedwali, safu ya Jeupe imefutwa yote. Hiyo nayo ni nini?"

Katibu akanitazama bila kuelewa. "Haijafutwa, mzee. Niliificha. Safu mbili zilikuwa haziingii kwenye karatasi. Ungeniuliza ningekuchapia ya pili."

"Na hizi karatasi kwenye kioo?"

"Nilimwambia abandike mimi," Mkurugenzi akasema kwa kuchoka. Akamwonyesha Shemeji kwa kidevu. "Ili huyu asiwaone wale watu akapata wasiwasi bure. Ana kazi ya kumaliza."

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wahenga wameishia hapo. Hawakusema nani huenda kulileta, na mimi pale mezani nilikuwa namjua: nilikuwa nimelibeba mwenyewe, nimelipigia mstari, nimeliwekea sahihi. Nilimtazama yule mama anavyofuta miwani kwa upindo wa gauni. Kwa dakika nzima, nakiri, niliona njia ya kunyamaza. Karatasi yenye wino wangu ilikuwa kwenye jalada la katibu, ambaye hunakili wino wangu bila kuusoma, na kwa amri ile ile ya Mkurugenzi hakuna anayerudi kusoma.

"Ni mimi," nikasema. "Aliandika la pekee. Mimi ndiye niliyebadilisha."

"Ulibadilisha kwa nini?" Mkurugenzi akauliza.

Nikafungua mdomo nieleze, nikakuta maelezo yote niliyokuwa nayo ni ya kumshuku yeye. "Nilidhani mnaficha," nikasema.

Akasema subiri kidogo, akavuta kiti, akaketi.

Sikuthubutu kumtazama Shemeji, lakini alikuwa ng'ambo ya meza na hapakuwa na pengine pa kutazama. Hakulia. Alikuwa ananiangalia kama anavyoangalia mlango unaoganda kwenye skrini, anatafuta mstari ulioharibika uko wapi.

"Jumatano nilitaka kumuuliza," akasema taratibu. "Nilishika kitasa."

"Najua."

"Ukanikataza."

Akainuka, akakirudisha kiti chake chini ya meza vizuri, akatoka.

Sitarefusha yaliyofuata. Mkurugenzi alihangaika siku kumi na wale watu na hawakulegea hata unyoya. Nilipeleka barua ya kuacha kazi, akanirudishia, akasema kuondoka kwangu hakutafungua chumba hata kimoja, na kwamba afadhali nikae nisome. Mke wangu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikuwa anakwenda kwa mdogo wake kila Jumapili peke yake, na akirudi ananiambia habari za watoto wa kule na za mvua.

Shemeji alipewa hadi mwisho wa mwezi. Nilimsikia kila siku mwisho wa korido akipanga masanduku, lakini mlango wake alikuwa anaufunga, na mimi sikuwa na uso wa kubisha hodi. Siku yake ya mwisho ilibaki kazi moja. Kulikuwa na watu elfu kumi na moja waliojiandikisha kulisubiri *Fundi Kufuli* kwenye Jeupe, na lazima waandikiwe kwamba haliji. Aliomba aandike yeye. Na kwa kuwa kila neno linalotoka kwenye kampuni ile lazima lipite mezani kwangu, barua ile nayo ikapita; barua za wachezaji huchapwa na jina la msahihishaji chini.

Aliileta katibu. Juu yake, kwa kalamu ya risasi, Shemeji alikuwa ameandika: *Usibadilishe neno.*

Niliisoma kwa rula. Ilikuwa fupi. Aliwashukuru kwa kusubiri. Hakumlaumu mtu, hakutaja tangazo wala Jeusi. Kwenye mstari wa tatu alisema vyumba themanini na saba kati ya tisini vilikuwa vinafunguka *kabsa*, na kwamba alitamani wangeviona.

Herufi moja. Kalamu nyekundu ilikuwa imeshafika kwenye karatasi kabla sijajua kwamba nimeishika. Ningeweza kuitia ile *i* na hakuna mtu duniani ambaye angeona tofauti isipokuwa yeye.

Nikaiweka kalamu chini. Nikachukua ya bluu, nikaweka sahihi, nikaipeleka kwa katibu mwenyewe. Kesho yake watu elfu kumi na moja walisoma *kabsa*, na wale waliofika chini kabisa ya barua waliona jina la aliyesahihisha.